Banzuke na Mchezo Usioandikwa

Meli ya Vega ilitia nanga Yokohama mwezi wa Septemba 1879, baada ya kuizunguka Asia kwa upande wa kaskazini. Mkuu wa safari hiyo, Adolf Erik Nordenskiöld, aliagiza vikusanywe vitabu vya Kijapani vilivyopigwa chapa kabla bandari hazijafunguliwa kwa Wazungu. Vilipatikana vyenye majina zaidi ya elfu moja. Léon de Rosny akavitolea orodha mjini Paris mwaka 1883, navyo vikawa mali ya Maktaba ya Kifalme ya Stockholm.

Ni hazina kubwa, lakini ni hazina ya vitabu, na kabuki haikuishi vitabuni. Tungo za joruri, yaani michezo ya vikaragosi, zilipigwa chapa nzima nzima na kusomwa majumbani. Miswada ya kabuki kwa kawaida ilibaki ndani ya jumba, ikikatwa na kuongezwa kila mwigizaji mkubwa alipotaka. Kilichotoka barabarani ni banzuke: karatasi ya kubandikwa njia panda, karatasi ya majina ya waigizaji na nafasi zao, na kijitabu chembamba cha picha. Vilichongwa juu ya vibao vya mti, vikapakwa wino mweusi, vikauzwa kwa bei ndogo.

Wataalamu wengine huziweka karatasi hizi katika viambatisho. Dharau hiyo haina msingi, kwa kuwa ndani yake mpangilio wenyewe ni hoja. Mwaka 1779 Okazakiya Kanroku alibuni kwa ajili ya jumba la Nakamura-za mwandiko mnene, uliopinda kwa ndani, usioacha weupe baina ya mistari: ndivyo ukumbi unavyoombewa kujaa watu. Mahali pa jina nako kulikuwa cheo. Katika safu ya mabango mbele ya jumba, la pili lilikuwa la kijana wa mapenzi, la tatu la mchekeshaji. Hata leo Wajapani humwita mcheshi “sanmaime”, wa bango la tatu. Ni mitindo michache ya uchapaji iliyowahi kuzaa neno la mtaani.

Hata hivyo banzuke si shahidi mnyofu. Karatasi ya njia panda ilitangulia mchezo. Ni ahadi ya mfanyabiashara. Anayeisoma kama kumbukumbu ya yaliyotendeka jukwaani husoma tamaa ya mwenye jumba akidhani ni historia.

Hapo ndipo fasihi ya Kiswahili inapoguswa. Maigizo ya vikundi vya Dar es Salaam, kama Muungano na TOT, yalitungwa mazoezini bila mswada, yakafuatana na ngoma, sarakasi na taarabu katika onyesho moja. Siri Lange, aliyeandika tasnifu yake Bergen mwaka 2002, ilimbidi aketi ukumbini ili ayasome. Uhakiki uliolelewa na tamthilia za kitabu za Ebrahim Hussein na Penina Muhando umeyapita haraka mno, kwa kisingizio kwamba hayana matini. Matangazo ya magazetini je? Nani aliwekwa juu, kundi au mwimbaji? Mchezo ulipewa jina, au uliitwa “igizo” tu? Kiingilio kilitajwa mwanzo au mwisho? Maswali hayo hayahitaji mswada. Yanahitaji magazeti makuukuu na mtu wa kuyafungua.