Jahazi la Kandambili: Fundi, Mvuvi na Bahari ya Lamu

Inapozungumzwa sanaa ya watu wa pwani, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, ushairi na nakshi za milango. Ni wachache wanaomkumbuka fundi wa vyombo aliyeinama ufukweni, tezo mkononi. Katika makala haya tunakusudia kukihakiki chombo kimoja kilichoundwa Lamu, nchini Kenya, ambamo wabunifu, mafundi na watu wa mji unaoishi kwa uvuvi na usafiri wa majini walishirikiana kuutazama upya uhusiano wao na bahari. Swali letu ni moja: je, katika ushirikiano huo mwenye bahari alisema, au alisemewa?

Chombo hicho huitwa Flipflopi, jina lililotokana na neno la Kiingereza la kandambili. Wazo la kukiunda alilitoa Ben Morison mwaka 2016. Kazi yenyewe ikaongozwa na Ali Skanda, fundi mashuhuri wa vyombo wa Lamu. Kilishuliwa Septemba 2018. Urefu wake ni kiasi cha mita 9. Kiliundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavu wake ukavikwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni.

Tuanze na fani. Ubao una nyuzi, na fundi huzisoma kabla ya kuteremsha tezo. Mti uliopinda wenyewe humpa taruma lililopinda. Plastiki iliyoyeyushwa haina nyuzi wala mpindo wa asili. Hata hivyo mafundi walipata kwayo mkuku, mataruma na mbao, wakavichonga na kuviunga kwa mikono kama wafanyavyo kwa miti. Fundi wa pwani kwa desturi hategemei mchoro wa karatasi. Kipimo chake ki jichoni, na katika kumbukumbu ya vyombo alivyokwisha kuviunda. Bila ujuzi huo wazo la mwaka 2016 lingebaki maneno matupu. Kwa hiyo hatuwezi kukubali fundi ahesabiwe kuwa kibarua tu wa sanaa ya mtu mwingine. Katika umbo la chombo hiki yeye ndiye aliyesema, na alisema kwa lugha ya kwao.

Hizo kandambili nazo hazikuwekwa kwa ajili ya pambo peke yake. Kandambili ni kiatu cha kila mtu, na hasa cha mnyonge: huvaliwa na mvuvi, mchukuzi na mtoto aendaye chuoni. Ikikatika hutupwa, na maji huichukua. Mtazamaji anayekistaajabia chombo kwa rangi zake hutambua, akisogea karibu, kwamba anaangalia viatu vilivyotupwa na watu kama yeye. Hapo fani na maudhui hukutana. Zamani mabaki ya mvuvi yalikuwa makuti, kamba za katani na vipande vya mti, vitu ambavyo bahari iliviozesha. Plastiki haiozi hivyo. Mvuvi huivuta wavuni pamoja na samaki, na kasa huila akiidhania chakula.

Sanaa ya jamii hupimwa pia kwa hadhira yake. Mapema mwaka 2019 jahazi hili lilisafiri kiasi cha kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani ili watu walione na kulizungumzia. Mwaka 2021 safari nyingine ikafanywa katika Ziwa Victoria. Njia ya Lamu na Unguja ni njia ya kale ya majahazi. Watu wa bandarini hawakuhitaji kufafanuliwa jahazi ni nini. Walichokuwa nacho cha kujadili ni kwa nini limeundwa kwa taka.

Pamoja na sifa hizo, kazi hii ina mipaka yake, nayo haifai kufichwa. Kwanza, inaweza kumfanya mtazamaji adhani kwamba dawa ya taka ni kuziokota tu. Aokotaye si lazima awe ndiye aliyetupa, wala si yeye aliyetengeneza. Sheria nazo zina sehemu yake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Pili, taka si shaka pekee ya mvuvi. Mwaka uleule wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76, kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Juu ya jambo hilo jahazi la kandambili liko kimya. Hatudai kwamba kazi moja iseme yote. Tunasema tu kwamba taka ni jambo ambalo kila msikilizaji hulikubali bila ugomvi, ilhali haki ya mvuvi juu ya maji anamotega ina wenye kuipinga. Msanii anayetaka kusimama na wavuvi hana budi kuyasikiliza yote mawili.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja na wazo, na mwenyeji akapona kwa kiasi: ujuzi wake ulionekana na ukaheshimiwa. Hata hivyo kupona kamili ni pale ambapo mwenyeji huchagua mwenyewe jambo la kuzungumziwa. Mwalimu atakayelisomesha jahazi hili asiishie kwenye rangi zake. Awapeleke wanafunzi ufukweni ulio karibu, wajifunze kwa fundi mkuku ni nini na taruma ni nini, kisha wamwulize mvuvi ni lipi linalomsumbua zaidi baharini. Huenda jibu lake lisiwe taka.