Foleni Iliyohamia Kwenye Simu

Anayepanga likizo ya kwenda Walt Disney World, kule Florida, kwa kawaida huanza na fedha: nauli, hoteli, kiingilio, chakula. Hakosei, maana bei za kule si za kuchezea. Lakini kinachoadimika kuliko fedha ni kiti kwenye bembea katika saa fulani, na viti haviongezeki kwa kuwa wageni wameongezeka. Tangu milango ifunguliwe Oktoba 1971, eneo hilo limekua hadi kuwa na bustani nne kubwa kwenye ardhi inayozidi kilomita za mraba 100, na waendeshaji wake wamesumbuka miaka yote na swali la nani apande sasa na nani asubiri. Mfumo wa kuweka nafasi mapema, ambao wageni wengi wanaudhani kuwa dawa ya foleni, ni jibu lao la karibuni. Ukiuchunguza unavyofanya kazi, utaona haukuiondoa foleni. Sehemu yake kubwa umeihamishia kwenye simu, siku kadhaa kabla ya safari, na anayepanga bila kulijua hilo atalipa mara mbili.

Tuanze na hesabu. Tuseme bembea moja hubeba watu 1,200 kwa saa. Ukikuta watu 1,200 mbele yako, utasubiri saa moja. Hapo hakuna siri. Mwaka 1999 Disney walianzisha FASTPASS: mgeni aliingiza tiketi yake kwenye mashine karibu na bembea, akapewa karatasi ya kumwita arudi katika saa fulani, kisha akaenda zake. Akirudi, alipita njia ya pili iliyo fupi. Sasa tuseme katika kila viti 1,200, viti 800 vimetengewa wenye karatasi. Mstari wa kawaida umebaki na 400 kwa saa, na wale watu 1,200 waliosimama pale watangoja saa tatu. Injini ya bembea haijaongezwa kasi wala behewa. Kilichobadilika ni nani anasubiri na anasubiria wapi.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito. Wale 800 wenye karatasi, mtu atasema, hawamo tena mstarini, kwa hiyo mstari nao umefupika, na hesabu inarudi palepale. Ingekuwa kweli kama idadi ya wanaotaka kupanda ingebaki ileile. Haibaki. Zamani kusubiri kulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeweza kuikwepa: mwili. Aliyesimama kwenye foleni ya bembea ya Space Mountain hakuweza kuwa kwenye foleni nyingine, na gharama hiyo ndiyo iliyowapunguza watu. Karatasi iliitenganisha foleni na mwili. Ni kama siku ya maji ya shida mtaani, pale mtu anapoacha ndoo kwenye bomba moja kumshikia zamu, naye akaenda kusimama kwenye bomba la pili. Maji ni yaleyale, lakini foleni zimekuwa mbili. Bustanini, mwenye karatasi huenda kupitisha muda kwenye mchezo mdogo ambao zamani ulikuwa hauna watu, na mchezo huo nao unaota foleni. Au anaingia dukani na mgahawani, jambo ambalo mwenye duka hawezi kulichukia.

Kwa miaka mingi huduma hiyo ilikuwa bure, kwanza kwa karatasi, halafu kwa simu kupitia mfumo ulioitwa FastPass+. Janga la 2020 liliisimamisha, na iliporudi Oktoba 2021 ilikuja na bei: Genie+, dola 15 kwa mtu kwa siku pale mwanzoni. Julai 2024 jina likabadilishwa kuwa Lightning Lane Multi Pass, bei ikifuata tarehe na bustani, na baadaye mwaka huohuo ikaongezwa tiketi ya anasa inayomruhusu mgeni kupita njia ya haraka ya kila mchezo mara moja bila kupangiwa saa, kwa dola 129 hadi 449 kwa siku. Watetezi wanasema hii ni haki ya soko: anayeithamini saa yake zaidi alipe zaidi. Tena wana historia ya kuegemea, kwa kuwa Disneyland ya California iliwahi kuuza vitabu vya kuponi, za herufi E zikiwa za michezo mikubwa kuliko yote, hadi utaratibu huo ulipoachwa mwaka 1982. Mimi naona mfanano huo una kasoro. Kuponi ya zamani ilinunua kiti. Malipo ya sasa yananunua kumtangulia mtu ambaye naye ameshalipa kiingilio, na kadiri wanunuzi wanavyozidi, ndivyo mstari wa wasionunua unavyozidi kukaa palepale na ndivyo wengi zaidi wanavyosukumwa kununua. Bidhaa inayojitengenezea shida ya kuitibu nisingeiita soko huru.

Je, mwenye safari afanye nini? Kwanza asome bei kama utabiri. Tangu 2018 kiingilio hutofautiana kwa tarehe, na tangu Desemba 2022 tiketi ya siku moja hutofautiana pia kwa bustani: wakati huo ilianzia dola 109 Animal Kingdom katika siku tulivu na kufika 189 Magic Kingdom katika siku za kilele. Tofauti hiyo ni makadirio ya kampuni yenyewe kuhusu msongamano, yamebandikwa hadharani bure. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ni ghali kwa sababu imejaa, na Septemba ni nafuu kwa sababu shule zimefunguliwa, ingawa huo ni msimu wa joto na vimbunga, kwa hiyo nafuu hiyo ina bei yake. Pili, akumbuke kwamba foleni ni limbikizo linaloanza na sifuri kila asubuhi. Katika saa ya kwanza viti vinawazidi watu, na wanaolala kwenye hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa hiyo, ikitumiwa kwenye mchezo mmoja mkubwa badala ya kupiga picha getini, yaweza kuokoa kile ambacho wengine wanakinunua. Animal Kingdom asubuhi ina faida ya ziada: Kilimanjaro Safaris ni ziara ya magari kati ya wanyama hai, na kwa joto la Florida wanyama huonekana vizuri kabla jua halijapanda. Msomaji wa Kiswahili atafurahia pia kusoma mabango ya Harambe, kijiji cha kubuni kilichojengwa hapo kwa sura ya pwani yetu.

Wapo watakaosema likizo ya ratiba si likizo, na afadhali kwenda kwa kujiendea. Ningekubaliana nao kama ingekuwa Zanzibar, ambako bahari haina saa ya kufunga. Mahali ambapo kila kiti kimeshagawiwa wengine mapema, asiyepanga hapati uhuru, anapata mabaki. Lakini kupanga kusiwe kujaza kila dakika. Chagua michezo mitatu au minne kwa siku ambayo familia itasikitika kuikosa, mmoja uupande asubuhi mapema, miwili uilipie ikiwa tarehe imejaa, na mingine yote iachie bahati.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki kuna jambo moja la mwisho. Nafasi za Lightning Lane hufunguliwa siku 7 kabla ya kufika kwa wageni wa hoteli za Disney, na siku 3 kabla kwa wengine, saa 1 asubuhi ya Florida. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam hiyo ni saa 8 mchana Marekani inapokuwa kwenye saa za kiangazi, na saa 9 alasiri isipokuwa.