Tope la Majitaka na Viumbe wa Udongo wa Msituni

Tangu mwaka 1973, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipoanza kumwaga tope la majitaka ya Seattle katika Pack Forest, msitu wao wa majaribio ulioko karibu na Eatonville, ushahidi wa faida yake uliotangulia kutajwa ni ule wa miti. Na ushahidi huo ni wa haki, kwani udongo wa huko una uhaba wa naitrojeni, na misonobari iliyolishwa tope aghalabu ilinenepa kupita ile isiyolishwa. Walakini unene wa mti si ithibati ya afya ya ardhi.

Chini ya miti hiyo, nyuzi za kuvu huzizunguka ncha za mizizi, zikaupa mti maji na madini, nazo zikapewa sukari. Naitrojeni ijapo kwa wingi mara moja, mti hupungukiwa na haja ya msaidizi huyo, na bakteria hupata nafasi kuliko kuvu. Ama naitrojeni inayobaki hugeuzwa kuwa naitreti, ambayo huteremka na mvua hadi kwenye maji ya chini, na mageuzi hayo huuzidishia udongo asidi, hata zinki na kadimi zilizomo katika tope zikawa nyepesi kuyeyuka na kuwafikia viumbe.

Kipimo cha madhara hayo kilipatikana Uingereza. Mwaka 1976, Jenkinson na Powlson wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted walieleza njia hii: udongo mbichi hugawanywa mafungu mawili, moja hufungiwa katika chombo pamoja na klorofomu, hewa ikavutwa nje mpaka klorofomu ichemke, mvuke wake ukaua vijidudu, kisha mvuke huondolewa, fungu hilo likatiwa chembe za udongo ulio hai, na kwa siku 10 hupimwa kaboni dioksidi itokayo katika mafungu yote mawili. Katika fungu lililotiwa klorofomu, vijidudu hai huila mizoga ya vile vilivyokufa, na ziada ya hewa hiyo hubainisha kadiri ya uhai uliokuwamo.

Kwa mizani hiyo ilipimwa ardhi ya Woburn, huko huko Uingereza, shamba la mboga lililotiwa tope tangu 1942 hata 1961. Na ijapokuwa miaka 20 na zaidi ilikwisha kupita, uhai wa vijidudu ulikuwa takriban nusu ya ule wa ardhi iliyotiwa samadi, na bakteria waliosalia katika mizizi ya klova hawakuweza tena kuikamata naitrojeni ya hewani. Ikiwa shamba la mboga lilidhurika hivyo kwa metali za tope, udongo wa msituni, ambao kwa kawaida una asidi zaidi, wastahili hadhari kubwa zaidi.

Kwa hiyo, atakaye kulisha msitu tope na aanze kwa kupima metali za tope lenyewe na uhai wa udongo, atenge kipande kisichoguswa cha kulinganishia, na arudie kupima hata baada ya kumwaga kukoma; kwa sababu naitrojeni hutumika ikaisha, bali metali hukaa, na hasara yake yaweza kurithiwa na wasiokuwako tope lilipomwagwa.