Uvumilivu Si Ganzi: Maumivu katika Riwaya ya Kitereza

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Hata hivyo, zimekuwako nyakati ambapo watu wa rangi moja walijifanya mahakimu wa maumivu ya watu wa rangi nyingine. Huko Alabama, Marekani, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa, miongoni mwao Anarcha, Betsey na Lucy, akitafuta tiba ya fistula. Hakuwapa dawa ya usingizi, ijapokuwa etha ilikwisha kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Anarcha peke yake alipasuliwa kiasi cha mara 30. Dhana hiyo haikuzikwa pamoja na utumwa. Uchunguzi wa Virginia uliotangazwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kiasi cha nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wapya weupe 222 walikubali walau dai moja la uwongo juu ya mwili wa mtu mweusi, kama kwamba ngozi yake ni nene zaidi.

Jibu la dhana hii limo katika kitabu kilichoandikwa kisiwani Ukerewe, pasipo kukusudiwa kuwa jibu. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Bugonoka hana mtoto, jamaa za mumewe humsimanga, na wazazi wake humrudisha kwao. Mumewe humfuata, na mganga hutafutwa. Watu hawa wana subira, lakini subira yao si ganzi. Maumivu yao yana msikilizaji: mgonjwa huulizwa, hujibu, huaminiwa, kisha hutafutiwa dawa. Kunyamaza kwao ni adabu waliyofundwa, wala si upungufu wa hisi.

Kasoro moja haina budi kutajwa. Msimulizi hupenda mno kueleza desturi, hata msomaji mgeni aweza kumwona Bugonoka kuwa mfano wa kabila badala ya kuwa mtu. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kuwasifu Waafrika wote kwa uvumilivu. Na sifa hiyo, ikishavikwa taifa zima, ni tusi lile lile lililovaa kanzu safi.

Jambo hili si la vitabuni tu. Katika hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, hutibiwa wanawake wenye fistula, ambayo chanzo chake kikuu ni uzazi uliokwama kwa muda mrefu. Wanawake wengi hufundwa kwamba kupiga kelele wakati wa utungu ni aibu. Mkunga adhaniaye ukimya huo kuwa ni salama aweza kuchelewa, na kuchelewa huko hulipwa na mzazi. Anayekisoma Kitereza kwa makini hujifunza kumwuliza mgonjwa kabla ya kumhukumu.