Wasomaji wa Herufi Moja

Tuseme mwanamke wa Katwe, mvuna chumvi ya ziwani, amefiwa na mama yake na mama yake mdogo, wote kwa saratani ya matiti, hakuna aliyefika miaka 50. Anapanda basi kutoka Kasese mpaka Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, na damu yake inapelekwa kupimwa jeni. Jibu linasema herufi moja ya DNA imebadilika ndani ya jeni ya BRCA2, na maana yake haijulikani bado.

Hapo huanza kazi ninayoisifu. Protini ya BRCA2 imeundwa kwa asidi amino 3,418, na kazi yake ni kusaidia kukarabati DNA iliyokatika. Herufi ikibadilisha asidi moja, pengine hakuna linaloharibika. Pengine ukarabati wote unakwama. Mchambuzi wa vinasaba hakisii. Huuliza kama waliougua katika ukoo ndio wanaoibeba herufi hiyo, kama maabara imeona protini ikishindwa kazi, kama wapo watu wengi wazima wenye afya walio nayo. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015 unamkataza kusema hata “huenda inaleta ugonjwa” kabla uhakika haujapita asilimia 90. Naupenda ukali huo, kwa kuwa unamwokoa mtu asikatwe titi kwa herufi isiyo na hatia. Mvuna chumvi anauelewa: maji ya ziwa hayawi chumvi kwa kuharakishwa.

Swali la watu wenye afya ndilo linalotuuma sisi. Wengi wa waliohesabiwa kwa miaka mingi ni wenye asili ya Ulaya, basi herufi iliyozoeleka Afrika ikaonekana adimu, ikashukiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana jeni ya ugonjwa wa misuli ya moyo, kumbe ni mabadiliko ya kawaida kwao, yasiyodhuru.

Uganda imeanza kujibu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu: watu wapatao 6,400 walipimwa vinasaba, na karibu 2,000 wakasomwa jenomu nzima. Mwanakijiji aliyenyoosha mkono akatolewa damu kule anamsaidia mwanamke wa Katwe asiyemjua kabisa.

Huyu mwanamke hafanyiwi upasuaji kwa ajili ya herufi hiyo. Anafuatiliwa kwa sababu ya historia ya ukoo wake, na faili lake hufunguliwa tena ushahidi ukiongezeka. Mengi ya mabadiliko yanayopangwa upya huishia upande wa salama.

Ndugu zangu wa Kasese na Bwera, mkipewa jibu la namna hiyo, itunzeni karatasi yake, rudini kuuliza baada ya mwaka mmoja au miwili, na wahimizeni jamaa zenu wakubali kupimwa wanapoombwa.