Kumsoma Viktor Frankl Katika Nyika ya Singida

Ni vitabu vichache vya karne ya 20 vilivyoingia katika mahubiri ya mazishi na katika mafundisho ya uchungaji kama kile kitabu kidogo cha Viktor Frankl, tabibu wa magonjwa ya akili wa mjini Vienna, kilichotolewa mwaka 1946, ambacho wasomaji wa Kiingereza wanakijua kwa jina la Man's Search for Meaning. Hutajwa mara nyingi kuliko kinavyosomwa. Katika makala hii twakusudia kukisoma kwa makini, na kukiuliza swali ambalo mchungaji wa Iramba, Mkalama au Manyoni hawezi kulikwepa: ni mateso yapi ambayo mtu aweza kuambiwa kwamba yana maana, na ni nani mwenye haki ya kumwambia hivyo?

Frankl alizaliwa mwaka 1905 katika familia ya Kiyahudi. Septemba 1942 alichukuliwa pamoja na mkewe na wazazi wake hadi Theresienstadt. Oktoba 1944 akapelekwa Auschwitz, kisha katika kambi ndogo za Bavaria, hata alipofunguliwa na majeshi ya Marekani Aprili 1945. Mkewe, baba yake, mama yake na ndugu yake wa kiume walikufa. Muswada wa kitabu chake cha kwanza, aliokuwa ameuficha ndani ya koti, ulipotelea Auschwitz. Alichotoka nacho huko ni hoja iliyogeuza swali la kale. Si mwanadamu anayeyauliza maisha yana maana gani. Maisha ndiyo yanayomwuliza yeye, naye hujibu kwa jinsi anavyoishi, saa kwa saa, hata pale ambapo amenyang'anywa kila kitu isipokuwa namna ya kuupokea msiba wake.

Hatuna sababu ya kuidharau hoja hii. Imetamkwa na mtu aliyelipa gharama yake, tena kwa unyofu usio wa kawaida, kwani Frankl hadai kwamba waliookoka walikuwa bora kuliko waliokufa. Asema kinyume chake. Lakini kuna sharti aliloliweka katika sehemu ya pili ya kitabu, anapoieleza tiba yake, na sharti hilo ndilo linaloachwa nyuma kitabu kinapopanda mimbarani. Maana, asema, hupatikana kwa njia tatu: kwa kazi mtu anayoitenda, kwa upendo na mambo mema anayokutana nayo, na kwa msimamo wake mbele ya mateso yasiyoepukika. Mateso si lazima ili maisha yawe na maana. Nayo yakiwa yanaepukika, jambo lenye maana ni kukiondoa chanzo chake, kiwe ni cha mwili, cha nafsi au cha siasa. Kuteseka pasipo lazima hakuhesabu kuwa ushujaa.

Sasa tukichukue kitabu hiki hadi Singida, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ambako mkulima wa mtama na alizeti huishi akilitazama wingu. Hapa tunaona jambo ambalo Frankl hakulishughulikia vya kutosha, yaani kwamba mpaka baina ya yaepukikayo na yasiyoepukika haukai mahali pamoja.

Mfano ulio wazi ni ukoma. Huko Iambi wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, ambao kazi yao katika Iramba ilianza mwaka 1926, waliwatunza wagonjwa wa ukoma. Na huko Sukamahela, wilayani Manyoni, serikali imekuwa na makazi ya wazee, baadhi yao wakiwa na makovu ya ugonjwa huo. Mgonjwa wa mwaka 1930 hakuwa na dawa ya kumponya. Alichomwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zenye maumivu mengi na faida ndogo. Aliyemwendea wakati huo na neno la kustahimili hakumdanganya. Katika miaka ya 1940 dawa ya dapsone ikaanza kutumika; mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tiba ya dawa mseto; na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mwaka 2006 Tanzania, kwa hesabu ya taifa zima, ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, ingawa wagonjwa wapya hawajakoma kuonekana. Basi mwili ule ule, na kidonda kile kile, vimevuka mpaka. Neno la faraja lililokuwa kweli mwaka 1930, likisemwa leo kwa kijana mwenye baka lisilo na hisi mkononi, laweza kumpotezea vidole vyake, kwa kuwa litamfanya avumilie nyumbani wakati dawa iko zahanati.

Tena si yote yaliyovuka. Vidole vilivyokwisha kupotea havirudi, na hapo Frankl ana la kusema. Lakini je, mzee aliyekwisha kupona, asiyeambukiza mtu yeyote, akiona washarika wanasita kukipokea kikombe baada yake katika Chakula cha Bwana, mateso hayo tuyaweke fungu gani? Yanaepukika kabisa. Wenye kuyaepusha ni wale waliokaa benchi moja naye, pamoja na anayekishika kikombe.

Historia nayo yatuonya tusiwe wepesi kuyaita mambo mapenzi ya Mungu. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyowakumba Wagogo, wakiwamo wa Manyoni, nao wakaiita Mtunya, hukumbukwa na wengi kama njaa ya ukame. Mvua zilikosa kweli. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Kijerumani, na baada yao ya Kiingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulikuta ghala tupu. Atakayehubiri juu ya Mtunya kama fumbo la Mungu tu atakuwa amewafichia wenye bunduki kazi yao. Vivyo hivyo na maji: baadhi ya visima vya Singida vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia na mifupa iliyopinda yamezoeleka hata yakadhaniwa kuwa ni maumbile ya watu wa mahali fulani, kumbe ni kisima.

Mluteri hahitaji kwenda Vienna kujifunza haya. Katika mjadala wa Heidelberg wa Aprili 1518, katika hoja ya 21, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu, anayeita ovu jema na jema ovu, na mwanatheolojia wa msalaba, anayekiita kila kitu kwa jina lake. Tunashangaa jinsi theolojia ya msalaba inavyotumiwa na baadhi ya wahubiri wetu kufanya lile lile alilolikataza: kuyavika maovu joho la baraka. Mjane aliyenyang'anywa ng'ombe na shemeji zake hana fumbo la kufumbuliwa. Ana madai, na mahali pake ni mbele ya baraza na mahakama, mchungaji akiwa shahidi ikibidi.

Tuna manung'uniko mawili zaidi juu ya kitabu chenyewe. La kwanza ni kwamba mtu wa Frankl yu peke yake mno. Anajibu maisha ndani ya nafsi yake, hali kwetu mgonjwa huulizwa na ukoo mzima, na swali lenyewe mara nyingi si kwa nini bali ni nani. Nani amemtupia? Nani amekosa? Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo juu ya kipofu katika Yohana 9, naye akakataa kuwatajia mkosaji. Swali hilo limeua watu katika nchi yetu, hasa vikongwe, na kitabu cha Frankl hakitusaidii sana kulijibu.

La pili ni zito zaidi. Katika dibaji ya toleo la mwaka 1992 Frankl asimulia kwamba alikuwa amepata ruhusa ya kuhamia Marekani kabla ya kukamatwa, akaiacha ipite ili asiwatupe wazazi wake. Maana yake ni kwamba kambi, kwake yeye, ilikuwa inaepukika! Fungu hili la tatu, mateso ambayo mtu angeweza kuyakwepa lakini akayachukua kwa ajili ya mwingine, halina nafasi kamili katika mpango wake wa maneno, ingawa ndilo lililo karibu zaidi na msalaba, na ndilo la binti anayekataa nafasi ya kazi mjini ili amwuguze mama yake kijijini. Tofauti ni kwamba hakuna awezaye kumchagulia mwenziwe mateso ya namna hii. Mchungaji akimwamuru binti huyo abaki, amekwisha kuyaharibu.

Ndiyo maana, kwa wanaojiandaa kwenda sharikani, tungependekeza kisomwe kwa kuanzia sehemu ya pili, na hasa kile kisa cha tabibu mzee aliyefiwa na mkewe. Frankl hakuanza kwa kumpa jibu. Alimwuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia kufa, na mzee akajibu mwenyewe kwamba mkewe angeteseka sana. Kisa hicho hakichukui hata ukurasa mmoja.