Mpini Unaoijua Mvua

Kisu cha Rungwe huishi majini. Sehemu za miteremko ya kusini ya mlima hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na mji wa Tukuyu huamka siku nyingi ukiwa ndani ya ukungu. Asubuhi kisu kinamenya ndizi mbichi, utomvu unaganda kwenye vidole na kwenye mpini. Mchana kinakata majani ya ng'ombe. Jioni kinasuuzwa haraka na kuwekwa kando kingali kibichi. Ndiyo maana anayeagiza kisu cha kufuliwa kwa mkono huku hana budi kufikiri sana juu ya mpini, na hasa juu ya kile kitakachopakwa juu ya mpini huo.

Habari ya chuma ina wasimulizi wake tangu zamani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku Bunyakyusa, nchi ya Wanyakyusa, katika miaka ya 1930, waliwakuta watu waliokuwa wakipata majembe na mikuki yao kwa wahunzi Wakinga, kutoka milima ya Livingstone. Leo mhunzi huchukua springi ya gari kuukuu, akaivukutia moto na kuifua upya. Kazi hiyo ina nyundo na cheche, na watu husimama kuitazama. Ya mpini haina mtazamaji. Fundi ameketi kimya na tupa na msasa, na mimi nampenda zaidi hapo.

Kwanza mbao. Mpingo wa Lindi na Mtwara ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ndio unaotengenezewa zumari za okestra huko Ulaya. Nyuzi zake zimebanana mno, mafuta hayapati pa kuingia. Ukiupaka mengi yanabaki juu yakinata. Unataka msasa laini, kitambaa na nta kidogo, basi. Mpera wa uani ni mgumu na hauna gharama, ila ukaushwe polepole kivulini, la sivyo hupasuka. Mninga wa nyika za miombo ndio chaguo langu. Ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana mvua zinapokuja na kuondoka, na kwa mpini ulioshikwa na ribiti hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mbao inayocheza hulegeza ribiti na kufungua mwanya pembeni mwa chuma. Maji yakishaupata mwanya huo, kutu huanza kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Sasa mng'aro. Vanishi hupendeza dukani. Inakaa juu ya mbao kama kioo, na kwa kisu cha kutundikwa ukutani sina ugomvi nayo. Kwa kisu cha kazi, ngozi ile hupasuka kwanza kwenye ribiti na kwenye kichwa cha mpini, pale nyuzi zilipokatwa. Maji yanapenya chini yake na kukosa njia ya kutoka. Halafu inateleza: mkono wenye utomvu na maji hauna cha kushika.

Mafuta ya kitani hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Hayakauki kwa kupotelea hewani. Huvuta oksijeni, yakawa magumu yakiwa ndani ya mbao. Mawese ya Kyela yako karibu na ni rahisi kuyapata, lakini hayagandi hata siku moja, na baadaye huchacha. Kitani kibichi kinadai subira, na katika baridi na unyevu wa Tukuyu subira hiyo hurefuka. Fundi mzuri hulowesha mpini kwanza kwa maji ili nyuzi zisimame, anauacha ukauke, anazikata kwa msasa, kisha anarudia. Hapo ndipo anapopaka mkono wa kwanza, mwembamba, na kufuta yote yaliyobaki juu. Mkono wa pili husubiri hadi wa kwanza uache kunata. (Vitambaa vya kupakia hutandazwa nje vikauke, havirundikwi pembeni; mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na rundo la vitambaa huweza kushika moto lenyewe.) Mwisho hupita nta ya nyuki, kidogo tu, na kusuguliwa kwa kitambaa cha pamba.

Kinachonivutia zaidi ni mahali fundi anapoacha kusugua. Angeweza kuendelea na msasa hadi mpini ung'ae kama mpingo, naye anauachia kwenye namba 320, mbao ikiwa bado na ukavu fulani kiganjani. Analowesha mkono, anaushika mpini, anauzungusha, anarudi kukwangua kidogo chini ya kidole cha shahada.

Mpini wa namna hiyo mwenye kisu huuhudumia mwenyewe. Ukianza kupauka, anaukausha siku mbili tatu karibu na jiko, anapitisha msasa mwepesi na tone la kitani. Vanishi iliyobanduka ingemlazimu kukwangua yote na kuanza upya.

Kwa hiyo kisu cha ndizi ningekiagiza hivi: mninga mkavu, ribiti za shaba zilizosawazishwa na mbao, kitani kibichi mikono mitano, kichwa cha mpini kiongezwe miwili, nta mara moja. Nami nisikikimbilie kabla fundi hajasema kimekauka.